Mlitupatia gari. Mafuta anunue nani?

Wakuu, habari za jioni. Tangu Jumanne nangoja hasira ipoe na haijapoa, kwa hivyo naandika ikiwa moto. Mod, tafadhali usinifungie uzi, shirika lililotupatia ruzuku ya gari sitalitaja jina na ofisi za serikali pia sitazitaja. Wahusika wakipita hapa watajijua.

Mimi ni katibu wa kikundi cha kijamii huku Kuresoi, upande wa juu kutoka Olenguruone, kule mvua ikinyesha Jumatatu bado unakanyaga matope Ijumaa. Tuko wanachama 43. Tuna cheti, tuna muhuri, tuna daftari la kumbukumbu nililoliandika kwa mkono wangu. Kazi yetu ni moja tu, kupeleka wagonjwa, wazee na akina mama wajawazito hospitalini. Kabla ya ruzuku tuliifanya kwa mchango: kila mwanachama 100 kwa wiki, tunakodi Probox ya jirani, mgonjwa anaenda, mgonjwa anarudi. Wiki mbaya tunapitisha kofia kanisani. Haikuwa kitu cha kupigwa picha lakini ilikuwa inatembea.

Halafu tukasikia kuna ruzuku ya usafiri wa vijijini.

Fomu ilikuwa kurasa 38, Kiingereza kitupu, inajazwa mtandaoni pekee, na tovuti inakutoa nje ukikaa dakika kumi bila kubonyeza kitu. Niliijaza nikiwa nimesimama kando ya josho la ng'ombe, maana hapo ndipo mtandao unaposhika. Swali la 17 sitalisahau: mna madereva wangapi wa kujitolea wanaotumia magari yao wenyewe? Jameni. Kijiji kizima kina magari manne, na moja liko juu ya mawe tangu mwenyewe afariki. Nikaandika sufuri, tukapunguziwa alama. Baadaye mgeni mmoja wa shirika, mtu mzuri tu, alituambia fomu ile asili yake ni Uingereza, ambako mstaafu hutoa gari lake kumpeleka jirani kliniki na kurudishiwa hela za mafuta. Sawa. Lakini huko kwao, alivyotueleza, kuna kibali chini ya kifungu cha 19 cha sheria yao ya usafiri ya 1985, kinachoruhusu kikundi kisicho cha biashara kubeba watu na kutoza nauli ndogo bila leseni kamili ya basi. Kwa hivyo fomu walituletea, kibali wakakiacha kwao. Shikilieni hapo, nitarudi.

Tuliomba Land Cruiser kuukuu, ile ya nyuma wazi ambayo kila fundi Molo anaijua. Tukakataliwa. Chombo lazima kiwe na lifti ya kupandisha kiti cha magurudumu. Nisieleweke vibaya: kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia usafiri wa umma, na tuna wanachama wawili wa viti vya magurudumu. Hao wawili ndio waliokuwa wa kwanza kusema gari la lifti halitapanda kilima cha shule. Walisema kikaoni, nikaandika kwenye kumbukumbu, nikatuma. Ikaja van nyeupe, tumbo chini, inayovuta kwa magurudumu mawili. Lifti imetumika mara mbili hadi leo: siku ya uzinduzi, na siku fundi alipokuja kuangalia kwa nini haishuki.

Uzinduzi nao! Hema mbili, spika, fulana za rangi moja, keki yenye umbo la van. Hotuba kumi na moja, nilihesabu. Nilikaa pale na sahani ya pilau nikapiga hesabu kichwani, nikaona pesa za siku ile zingetuwekea mafuta ya miezi miwili. Mweka hazina aliniambia ninyamaze nile.

Sasa mafuta. Mkataba unasema gharama za kuendesha gari mwaka wa kwanza zitalipwa "kwa kurudishiwa". Maana yake mtoe zenu kwanza, mlete risiti kila miezi mitatu, wao warudishe. Kikundi cha watu wa viazi na maziwa kiwakopeshe wafadhili! Tukakubali, tungefanyaje, gari lilikuwa limeshafika. Tukakopa kwa chama cha akina mama, tukachukua mafuta kwa deni kwenye kituo, dereva akakubali kungoja mshahara. Miezi mitatu tukatumia 186,000. Nikapeleka faili nene kama Biblia.

Wamerudisha 61,400. Zilizobaki wameziita gharama zisizostahili. Mbona hazistahili? Kwa sababu risiti si za eTIMS, ule mfumo wa risiti za kielektroniki wa KRA, watu wa kodi. Wakuu, naomba mniambie, trekta iliyotuvuta matopeni saa nne usiku tukiwa na mama mwenye uchungu wa kuzaa ndani, mwenye trekta ningemdai risiti ya eTIMS? Alikuja amevaa gumbuti na koti juu ya nguo za kulala. Nilimpa 1,500, akaniandikia kwenye kipande cha karatasi ya unga, akaweka sahihi, na namba ya kitambulisho juu. Karatasi hiyo nilibandika kwenye faili. Imerudi ikiwa na mstari mwekundu na neno moja la Kiingereza ambalo maana yake ni haikubaliki. Kuvutwa kutoka matopeni hakumo kwenye orodha ya gharama. Van mmeileta nyinyi, barabara mliiona kwa macho yenu siku ya keki, na kwenye orodha mkaweka "mafunzo ya uongozi" na "stika za chombo" lakini kuvutwa hamkuweka. Stika, kwa taarifa yenu, zililipwa zote.

Tulipolalamika, jibu likawa kwamba tujitegemee. Tozeni nauli kidogo, wakasema, mradi uwe endelevu. Sijui nani aliwafundisha hilo neno lakini wanalitumia kama chumvi.

Haya, tutoze nauli. Ukishatoza, umekuwa matatu. Ukiwa matatu unahitaji leseni ya PSV, yaani ya gari la abiria, bima ya PSV, beji ya dereva, spidi gavana, mstari wa njano na ukaguzi. Na kanuni za magari ya abiria za 2014 zinataka uwe ndani ya SACCO, yaani ushirika wa wenye matatu, au kampuni yenye magari yasiyopungua 30. Sisi tuna moja, na mlango wa upande haufungi vizuri. Tukajaribu kuingia SACCO ya njia yetu, wakatucheka, si kwa ubaya. Mwenyekiti wao alituuliza gari letu litapiga trip ngapi kwa siku. Moja, tukamwambia, na linangoja mgonjwa saa sita kisha linarudi naye. Akatununulia chai, akatuaga. Tukitoza bila hayo yote na Mungu apishe mbali gari lipinduke, bima inaruka, na wanaoshtakiwa ni viongozi wa kikundi kwa majina. Jina la kwanza hapo ni mwenyekiti, mzee wa miaka 68. La pili ni langu.

Ndiyo maana nasema walituletea nusu ya kitu: fomu na gari, bila kile kibali cha kifungu cha 19 cha kwao. Kitakachomfikisha mtu hospitali ni mafuta, ni dereva, ni tairi kila baada ya miezi michache kwa barabara kama hii. Hivyo havikatiwi utepe, basi hakuna anayevitaka.

Na jambo linalonikera hata kuliko la shirika. Kwa kila lita tunayoweka, shilingi 25 ni tozo ya kutengeneza barabara. Ilikuwa 18, ikapandishwa Julai 2024. Kwenda na kurudi Nakuru van yetu inakunywa lita 22, yaani shilingi 550 za barabara kila safari, tunalipa tukiwa tumekwama kwenye barabara hiyo hiyo. Wakati huo wabunge na magavana wamevutana hadi kortini kuhusu nani ashike bilioni 10.5 za tozo hiyo. Yeyote atakayezishika amwambie dereva wa greda kilima cha shule kiko wapi, mara ya mwisho alikisahau.

Ofisi za serikali pia tulizunguka, msiseme tulikaa tu. Jedwali la Nne la Katiba linasema usafiri wa umma wa barabarani ni kazi ya kaunti, nimelisoma mwenyewe. Ofisi ya kwanza: sisi bajeti yetu ni ya barabara, si ya magari, nendeni kwa afya. Ya pili: sisi tuna ambulensi, na ambulensi ni ya dharura, huyo mgonjwa wenu si dharura. Ya tatu ilikuwa imefungwa, wameenda semina Naivasha.

Huyo "si dharura" ndiye aliyenifanya niandike. Ni jirani yangu, kogo, yaani bibi, wa miaka 74, figo zimekataa. Anachujwa damu mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, na nafasi ya mashine ameipata Nakuru mjini. Kuchujwa si dharura mpaka siku usipochujwa. SHA, bima ya afya ya serikali, inalipia mashine, hailipi nauli. Van ilipokuwa inatembea tulimchukua saa tisa usiku, mwanawe amembeba mgongoni kama mtoto hadi barabarani, chupa ya uji imefungwa kwenye leso. Kwenda anaongea njia nzima, anamuuliza dereva ukoo wake. Kurudi haongei. Anaegemea dirisha, mfuko wa plastiki uko mapajani, na dereva amejifunza kutoka kwenye kioo kwamba akianza kupangusa midomo kwa leso, simama.

Van imesimama wiki ya tano sasa. Kituo cha mafuta kimekataa deni, na sikilaumu. Dereva amerudi kuendesha lori la viazi. Kogo anatoka nyumbani kwa boda, amefungwa katikati ya mwendeshaji na mwanawe, watu watatu ingawa sheria inasema abiria mmoja, mpaka lami. Hapo anaingia Probox yenye watu tisa. Yeye na mwanawe ni 1,600 kwenda na kurudi, mara mbili kwa wiki. Inua Jamii, zile pesa za serikali za wazee, ni 2,000 kwa mwezi, ikifika. Pigeni hesabu wenyewe, mimi nimechoka nayo. Jumanne iliyopita alishushwa katikati ya njia kwa sababu alitapika na abiria wakalalamika. Kando ya shamba la ngano, mvua inanyesha, wakangoja gari lingine saa moja na nusu. Mwanawe aliponieleza hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa ananiomba msamaha kwamba ameshindwa kurudisha leso ya kikundi ikiwa safi.

Na van iko wapi? Kwenye uwanja wa shule ya msingi, chini ya mti. Kuku wa mwalimu ametagia mayai kwenye kiti cha nyuma, aliingia kwa ule mlango usiofungika. Stika bado inang'aa.

Tuliandika tuiuze, tununue pickup kuukuu na pesa zinazobaki ziwe za mafuta. Hairuhusiwi, chombo kikae miaka mitano. Tukaandika turuhusiwe angalau kuitoa lifti iwe nyepesi. Wakajibu kuna fomu ya mabadiliko ya mradi, kurasa 12. Nimeijaza. Nimesimama tena pale kwa josho. Ni wiki ya nne sijajibiwa, ila jana wameniandikia kuomba picha mbili nzuri za "wanufaika wakitabasamu" za kuweka kwenye ripoti ya mwaka. Sijawajibu. Rafiki yangu ananishauri nitume ya kuku.

NYONGEZA, saa nne usiku: Nimesoma majibu. Aliyesema tuanzishe harambee, asante, tumeshafanya mbili, na waliochanga ni wale wale 43. Aliyeuliza kwa nini tulitia sahihi mkataba bila wakili, kaka, wakili wa karibu ni safari ya Probox. Aliyesema watu wa huku tunapenda vya bure, wewe sitakujibu.

Aliye Molo au Keringet na anamjua dereva wa Probox anayeondoka mapema, anayeweza kupita lami ya Olenguruone Ijumaa kabla ya saa kumi na moja alfajiri na kubeba watu wawili, anitumie ujumbe wa faragha. Kiti cha dirishani tutalipia zaidi. Awe mtu atakayekubali kusimama akiona leso imepanda mdomoni.