Masonara na madalali wa reale za 1780: huu ni wizi wa mchana kweupe!

Wakuu, salamu zitafuata baadaye. Nimekaa na hili donge kooni tangu wiki iliyopita na leo nalitema hapa hapa.

Bibi mzaa mama alitutoka, Mungu amrehemu. Kasha lake lilipofunguliwa pale Unguja zikatoka sarafu 42 za fedha ziitwazo reale, zile za mama mnene mwenye ushungi upande mmoja na tai wa vichwa viwili upande wa pili. Pamoja nazo ilikuwemo riyal moja ya Sayyid Barghash, sultani wa zamani wa Zanzibar, na rupia chache za Mjerumani. Warithi ni wajomba wawili na mama zetu watatu, yaani mafungu saba. Ukigawa kwa idadi, kila mjomba 12, kila mama 6, kazi imekwisha. Tatizo ni kwamba nyingine zina tundu, nyingine zimeungwa vikuku vya kupitishia mkufu, na ile ya Barghash huwezi kuikata vipande saba. Tukaambiwa leteni bei ya kila kitu kwanza, ndipo tugawe. Hapo ndipo tulipoanza kuchezewa.

Sonara wa kwanza, jina na duka nayahifadhi, alipokea reale moja mkononi mwa mama yangu, na kabla hatujasema neno akachukua tupa akaanza kula ukingo. Kreti, kreti, kreti! Mama anasema "baba, taratibu," yeye anaendelea mpaka fedha nyeupe ikatokea, kisha akadondoshea tindikali. Jamani, ule ukingo una maandishi ya Kilatini, IUSTITIA ET CLEMENTIA, yamezunguka sarafu nzima. Mnunuzi yeyote anayejua kazi yake akigeuza reale huanza kuyatazama hayo, kwa sababu wanaoghushi hushindwa hapo. Sasa ile moja ina kidonda. Hakuomba radhi, wala hakuona kuna la kuombea radhi.

Kisha akaja na hesabu zake. Sikilizeni vizuri, maana hesabu hii hii mtaikuta kwingine. Akaweka kwenye mizani akasema: "Tola mbili hizi." Tola ni gramu 11.66, kwa hiyo tola mbili ni gramu 23.3. Reale nzima ina uzito wa gramu 28.07, na hata iliyochakaa kidogo haishuki hivyo. Akikosea robo tatu ya gramu unaweza kumsamehe mtu, lakini huyu kameza karibu gramu tano kwa kila sarafu. Zidisha kwa 42, ni kama gramu 200 zimeyeyuka kabla moto haujawashwa! Halafu akaongeza: "Na humu nusu ni shaba, kwa hiyo nahesabu tola moja." Uongo mtupu. Katika kila sehemu 1,000 za reale, 833 ni fedha. Maana yake ndani ya sarafu moja mna gramu 23.39 za fedha tupu. Yeye alitaka kutulipa gramu 11.66, ndogo hata kuliko nusu, tena kwa bei ya gramu aliyoitoa kichwani mwake.

Nikamwambia hivyo. Akanitazama, akacheka, akageuza maneno: "Basi hizi ni feki. Sarafu ya mwaka 1780 inawezaje kuwa nzuri hivi?"

Hapa ndipo wanapowamaliza watu, kwa hiyo niseme kwa kirefu. Mwaka 1780 ulioandikwa hapo SIO mwaka iliyopigwa. Ni mwaka aliokufa Maria Theresa, mtawala wa Austria ambaye picha yake ndiyo hiyo. Wafanyabiashara wa Uarabuni, Uhabeshi na pwani yetu walishaizoea sura yake, wakawa hawataki nyingine, basi ikaendelea kupigwa vile vile kwa mwaka ule ule. Wamepiga Vienna na Venice. Mussolini alipoitaka Uhabeshi akazipiga Roma kuanzia 1935, Waingereza wakajibu kwa kuzipiga London kuanzia 1936, na wakati wa Vita Vikuu vya Pili zikapigwa hata Bombay. Vienna wanazipiga mpaka leo. Huko ndani ya Oman zilikuwa zinanunulia vitu mpaka ilipokuja sarafu mpya mwaka 1970, na kwa wale wazee wenye ndugu Maskati hilo si jambo la kusimuliwa. Kwa hiyo reale inaweza kung'aa kama imetoka jana, ikawa imepigwa London mwaka 1950, na bado ni reale halali yenye fedha ile ile, uzito ule ule. Sonara anayefanya kazi ya fedha mjini Zanzibar halijui hili? Analijua. Anajua pia kuwa wewe hulijui.

Sasa geukeni upande wa pili, maana kuna matapeli wengine wanaoitumia 1780 hiyo hiyo kinyumenyume.

Mjomba mkubwa ametumiwa video. Mtu ameshika reale kama zetu anasema ina miaka zaidi ya 240, matajiri wa Ulaya wanaitafuta, moja ni milioni 300. Akapiga namba iliyoandikwa pale. Dalali akamwita "mheshimiwa" mara kumi, akamwambia mzungu yuko njiani, ila kwanza itumwe laki tano ya "kipimo cha mashine". Ni wale wale wa rupia za Mjerumani zilizofukiwa chini ya mbuyu, wamebadilisha sarafu tu. Mjomba hajatuma, tunashukuru, lakini video imemkaa kichwani. Sasa mama yangu akitaja bei ya kweli, mjomba anasema tumekula njama na sonara! Kikao cha familia kimevunjika kwa sababu ya mpumbavu mmoja mwenye simu na kamera.

Wajomba zangu na wajomba zenu, tafadhali: reale hizi zimepigwa kwa mamia ya mamilioni. Si adimu. Zipo za zamani kweli, zilizotoka kiwanda cha Günzburg, na wakusanyaji huhesabu lulu za kwenye bruchi yake begani na manyoya ya mkia wa tai ili kuzitenga. Hizo hupata zaidi. Ila nyingi za makashani mwetu bei yake ni fedha iliyomo na kidogo cha juu. Yenye tundu au kikuku ni fedha tu, basi, na ile risasi ya kulehemu iliyounga kikuku inaongeza uzito usio na thamani, kwa hiyo usiipime pamoja.

Hesabu yenyewe haina uchawi. Aunsi ya madini ni gramu 31.1. Gramu 23.39 ukigawa kwa hiyo unapata 0.752. Chukua bei ya aunsi ya fedha ya siku hiyo duniani, inapatikana kwenye simu yoyote, zidisha kwa 0.752. Mfano tu, aunsi ikiwa dola 50, reale moja ina fedha ya dola 37 na senti 60. Mnunuzi ana gharama ya kuyeyusha na anataka faida, akikata asilimia kumi au kumi na tano mimi sina ugomvi naye. Nina ugomvi na anayekata nusu halafu anakuita mwanangu.

Na kama hofu ni ufeki, kuna kipimo kisichohitaji tupa wala tindikali. Mizani ndogo ya kidijitali inayosoma senti za gramu, kikombe cha maji juu yake, irudishe kwenye sifuri. Funga reale kwa uzi, izamishe bila kugusa chini wala pembeni. Ya kweli mizani itasoma kama gramu 2.75. Ikisoma 3.1 na kuendelea, hapo una shaba au nikeli iliyovishwa. Tulifanya hivi jikoni kwa mama, zote zisizo na vikuku zilipita, hata ile "feki" iliyotafunwa ukingo.

Ile ya Sayyid Barghash, ya mwaka 1299 Hijria, yenye Kiarabu pande zote mbili, huyo sonara aliitupia kwenye rundo akaihesabu sawa na zingine. Hiyo ndiyo adimu! Hiyo ndiyo ya kutafutia mkusanyaji, na bei yake haiendi kwa mizani. Sijui kama aliifanya kwa ujinga au kwa makusudi, ila niliona alivyoivuta karibu na kiwiko chake.

NYONGEZA 1: Wanaosema "zisugue kwa majivu na ndimu zipendeze kabla ya kuuza", acheni. Ule weusi uacheni. Mkusanyaji akiona imesuguliwa anashusha bei papo hapo, na anayenunua kwa kuyeyusha weusi haumhusu.

NYONGEZA 2: Kuna mdau wa Marekani ameuliza kuhusu dola za fedha alizoachiwa na baba mkwe, zile za Morgan. Mkuu, hizo ni gramu 26.73, fedha 900 kwa 1,000, ukipiga unapata aunsi 0.773 kila moja. Ila kwako mwaka ulioandikwa ni wa kweli na una maana, na geuza nyuma chini ya shada utafute herufi ndogo ya kiwanda. Ya 1921 zimejaa tele. Ukikuta 1893 yenye S, usimwachie mtu aishike hata dakika moja, ipeleke kwa wathamini wanaozifunga kwenye plastiki, maana hiyo inaghushiwa sana.

NYONGEZA 3: Mliojaa inboksi mkisema "nitumie picha nikupe bei nzuri", sifungui. Mwenye kumjua mnunuzi, Unguja au Dar, anayepima mbele ya macho yako kwa gramu na kukuonyesha bei ya siku, amwandike hapa hadharani kila mtu asome. Na mama anauliza: ile reale iliyokatwa tupa, nani anaingia hasara yake kwenye mgao? Mwenye elimu ya mirathi atusaidie, kikao kinarudi Ijumaa.