Tupeane uzoefu: ulinusurika vipi porini, ziwani au mlimani? (Nakuru, Kisumu na Magharibi)

Mwana wa Lanet (mwenye mada)

Wadau, habari za jioni. Tukikaa kupiga gumzo, hadithi za porini huwa ni simba na chui tu. Lakini watu wa kwetu ninaojua walioponea chupuchupu, yaliyowakuta ni maji, baridi, giza au nyoka. Simba hayumo. Kwa hivyo nauliza waliopatikana na hayo: ilikuwa wapi, mlifanya nini saa ile ile, na kilichowatoa hasa ni nini? Za shemeji wa rafiki ya jirani tafadhali kaeni nazo. Leta yako, au ya mtu uliyekuwa naye.

Naanza mimi. Mbuga ya Hell's Gate kule Naivasha, lile korongo la Ol Njorowa, kabla ya kufungwa 2019. Tulikuwa kundi la kazini, jua linachoma, juu yetu hakuna wingu. Kijana aliyetuongoza, mzaliwa wa huko huko, akasimama pale kuta zinapokaribiana hadi ukinyoosha mikono unagusa zote mbili. Chini kulikuwa na kijito chembamba, maji safi unaona hadi changarawe. Akainama, akatuonyesha kwa kidole: maji yameingia tope, na vijiti na povu vinapita. Hakuhutubu. Alisema "tupande" na papo hapo akaanza kumsukuma mama mmoja wa idara ya uhasibu juu ya mwamba kwa bega lake. Wawili walikuwa bado wanapiga picha. Aliwafokea vibaya sana, mtu ambaye asubuhi nzima alikuwa akituita "wageni wangu". Tulikuwa tumepanda kimo cha watu wawili hivi tuliposikia mngurumo, kama lori linalomwaga kokoto, kisha maji yakapita pale pale tulipokuwa tumesimama, yamebeba magogo.

Mvua ilikuwa imenyesha mbali huko juu. Sisi tulikuwa tunalalamikia jua. Na wanaosema korongo lile lilifungwa bure wakumbuke kwamba 2012 vijana saba wa kundi la kanisa walizolewa humo humo, na Septemba 2019 wakafa watu saba tena.

Fundi wa Kondele

Kumbe huyo kijana ndiye wa kupewa zawadi, si wewe 😀

Mwana wa Lanet

Tulimchangia. Haya, lete yako.

Nyar Kano

Yangu ni ya ziwani. Tulikuwa tunavuka kutoka upande wa Kisumu kwenda Kendu Bay, matanga. Boti ya mbao yenye injini, abiria si wengi, mizigo ndiyo mingi: viti vya kukodi, sufuria za msiba, mbuzi mmoja. Nahodha alikuwa mzee, wote tukimwita jaduong'. Tuliondoka tumechelewa kwa sababu ya hao wenye viti.

Asiyejua magugu maji akiyaona ufuoni hudhani yamekaa tu. Hayakai. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, unayasukuma yote huku ndani ya ghuba. Mbele palikuwa peupe, tukaendelea. Kufumba na kufumbua pako kijani, tukigeuka nyuma nako kijani. Injini ikakohoa ikazima, mizizi imejisokota kwenye propela.

Vijana wawili wakavua mashati waruke wakayakate kwa panga. Jaduong' akawashika mkono. Akasema mizizi ile inaning'inia chini ya maji, mguu ukiingia hautoki, na humo ndani kuna nyoka na viboko wanaopita bila kuonekana. Alitoa propela nje ya maji, akailaza injini, akachomoa mizizi kwa kisu kidogo cha samaki, uzi mmoja mmoja, amekaa ndani ya boti. Alipomaliza nilidhani atawasha. Wapi! Akafunga tangi la mafuta, akatuambia tukae katikati, tusihamehame, tusubiri upepo wa usiku.

Wadau, giza la ziwani ni jingine. Kiboko alipumua karibu nasi hadi mbuzi akanyamaza. Kulikuwa na mtoto mchanga, tukamzungushia leso tatu na kumpitisha kwa zamu ili joto lisimwishe. Simu iliyokuwa na chaji ilikuwa ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia, imefungwa vizuri, ndiyo tuliyotumia kuwaambia watu wa ufuo wa Dunga, Kisumu, tuko wapi. Karibu alfajiri upepo ukageuka, sasa unatoka nchi kavu kwenda ziwani, na ile zulia ikaanza kupasuka yenyewe. Palipotokea mwanya, jaduong' hakuwasha injini hata hapo. Tulisukuma kwa upondo mpaka maji meupe, ndipo akawasha.

Fundi wa Kondele

Mama, lakini si mngepiga 999 mapema waje wawatoe?

Nyar Kano

Baba, tulipiga. Sasa hiyo boti ya kuwatoa watu ingeingiaje kwenye magugu usiku? Nayo ingenaswa, tuwe wawili. Faida ya kupiga ni kwamba kulipokucha walikuwa wanajua waanzie wapi kututafuta.

Jirani wa Menengai

Watu wa Nakuru tunaiona Menengai, ile kreta ya volkano, kila siku hadi tunaichukulia poa. Ukisimama ukingoni, sakafu inaonekana karibu, kumbe ni karibu nusu kilomita kwenda chini, na humo ndani hakuna maji ya kunywa. Ni vichaka vya leleshwa na mawe ya volkano yenye ncha, yanakata viatu.

Dada yangu aliteguka goti huko chini saa kumi jioni. Mwenzetu alitaka ambebe mgongoni tupande naye hivyo hivyo. Nilikataa katakata. Kwenye yale mawe mkianguka wawili mnakuwa wagonjwa wawili. Tukachagua mahali palipo wazi, mmoja akapanda akiwa bado anaona njia kwenda kuita watu, mimi nikabaki naye. Kosa ambalo wengi hulifanya hapo ni kuwasha moto mkubwa: leleshwa hushika moto ikiwa bado mbichi, na wewe uko katikati yake. Tulitumia filimbi, mipigo mitatu kisha kimya. Taa za mitambo ya kuchimba mvuke zilitusaidia kueleza kwa simu tuko upande gani. Waliokuja walikuja na machela ya blanketi na miti miwili, na maneno makali.

Kijana wa Endebess

Mlima Elgon. Watu huogopa ndovu wa kwenye mapango, lakini kilichotaka kutuua ni mvua. Tulikuwa tunashuka kutoka kilele cha Koitobos, ni mita 4,222 pale juu, mvua ya mawe ikatukuta wazi. Rafiki yangu alitetemeka sana, halafu akaacha. Nikafurahi, nikadhani amepata joto. Kisha akaanza kucheka peke yake na kufungua zipu ya jaketi, anasema anasikia joto.

Mzee tuliyekuwa naye hakungoja. Akasimamisha kila mtu nyuma ya mwamba, akamvua zile nguo zilizolowa, akamvisha sweta kavu la mtu mwingine, akamwingiza katikati yetu ndani ya turubai. Uji wa sukari kwenye chupa ya chai, kidogo kidogo. Pombe aliikataa, ingawa mmoja wetu alikuwa nayo. Ilichukua muda mrefu kabla hajaanza kutetemeka tena, na mzee akasema huko kutetemeka ndiko alikokuwa akikungojea.

Mama wa Shinyalu

Yangu ni fupi. Msitu wa Kakamega, kuokota kuni, shangazi akaumwa na nyoka kwenye kiganja. Hatukumfukuza nyoka. Pete na bangili tulivua hapo hapo, kwa sababu mkono ulianza kufura tukiuangalia. Mkono tukaufunga kwenye leso usichezecheze, tukampakia kwenye pikipiki katikati ya dereva na mwanangu. Kituo cha kwanza hakikuwa na dawa ya sumu. Cha pili kilikuwa nayo. Amepona, vidole viwili havikunji vizuri.

Fundi wa Kondele

Mngetumia jiwe jeusi la nyoka. Babu yangu alikuwa nalo, linanyonya sumu lote.

Mama wa Shinyalu

Tulikuwa nalo nyumbani, mwanangu. Jirani alitaka turudi tulichukue kwanza, kisha achanje kwa wembe. Nyumbani ni upande mmoja, hospitali upande mwingine. Nilimwambia jiwe akaliweke yeye, sisi twende. Sumu ikishaingia kwenye damu, jiwe linanyonya nini? Na kufunga kamba ya kukaza nako ni kuua mkono.

Mwana wa Lanet

Naona hamna hata mmoja aliyetoka kwa kukimbia 😀 Wa Budalang'i mko wapi? Nyinyi na mafuriko ya mto Nzoia mnajuana.

Mtu wa Bunyala

Tupo. Kwetu ukiona maji yanatoka kwa vishimo vya fuko upande wa nyumba wa ile kingo ya mto, usingoje tangazo la redio. Usiku ule baba alifungua ng'ombe wote akawafukuza waende wenyewe, akafunga mtumbwi kwenye mwembe kwa kamba ndefu, si fupi, kwa sababu maji yakipanda kamba fupi huuzamisha. Tulikaa juu ya mti mpaka mchana, na nyoka nao walikuwa kwenye matawi ya chini, kila mtu na kwake, hakuna aliyemgusa mwenzake. Ng'ombe tuliwapata wote isipokuwa ndama. Mchele tulikuwa nao kwenye debe, mkavu kabisa. Kiberiti ndicho hatukukumbuka.