MRI ya magurudumu: ije hospitali za wilaya, au kwanza tuajiri madaktari?

Mkereketwa
Wakuu, ipo MRI (mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku) ndogo ya kichwa. Ina magurudumu, inachomekwa kwenye soketi ya kawaida na kusukumwa hadi kitandani kwa mgonjwa. Marekani waliiruhusu 2020. Nguvu ya sumaku yake ni tesla 0.064 (tesla ni kipimo cha nguvu za sumaku), zile kubwa ni 1.5 au 3, kwa hiyo picha yake si kali. Tuziingize wilayani hivyo hivyo, au fedha ziajiri madaktari wa mishipa ya fahamu? Mimi nasema ziingie. Mama yangu mdogo alipata kiharusi, tukazungushwa hospitali hadi hospitali kutafuta CT, ile mashine inayopiga picha za ndani kwa eksirei. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu huchomwa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na bila picha hakuna anayethubutu: kama mshipa umepasuka, dawa hiyo inaua. Tulifika kesho yake.

Mzee wa Pangani
Pole kwa mama mdogo. Lakini daktari wa zamani alikuwa na nyundo, pini na tochi. Anakugonga goti, anakukwaruza unyayo aone kidole gumba kinapanda au kinashuka, anajua tatizo liko upande gani wa ubongo. Hawa wa sasa mgonjwa hawamgusi. Wanaandika MRI, wanakwambia lete majibu.

Dokta Kijana
Shikamoo mzee. Hatuwagusi? Jana usiku nimekwaruza nyayo wodini mpaka alfajiri! Aliyepooza kulia, nyundo inanipeleka ubongo wa kushoto. Sasa niambie: damu imeganda, imevuja, ni uvimbe au ni jipu? Nyundo haijui. Na enzi hizo mnazozisifu, kabla CT haijaanza London mwaka 1971, mtu alitolewa maji ya uti wa mgongo akajazwa hewa ndipo apigwe eksirei ya kichwa. Aliumwa kichwa na kutapika siku kadhaa. Kule Mbulu kuna wenye kifafa ambao bila picha usingejua kuwa ni tegu wa nguruwe, yaani minyoo, walioingia ubongoni.

Sema Kweli
Hao wa tegu wamejitakia. Waache kitimoto waone kama watahitaji MRI.

Binti Mbulu
Futa hiyo kauli. Sisi ni Wasabato, dada yangu hajaonja nguruwe tangu azaliwe. Alianza kuanguka akiwa shule ya msingi, watu wakasema karogwa. Siku moja akaangukia mafiga, vidole vya mkono wa kushoto vimeshikana hadi leo. Tulipochangishana akapigwa CT, daktari aliinua filamu dirishani akanionyesha vitone vyeupe mithili ya punje za mtama. Alijitakia nini?

Sema Kweli
Sijamtukana dada yako. Nauliza, tegu wa nguruwe atatoka wapi kama si kwenye nyama?

Dokta Kijana
Nyama isiyoiva vizuri inakupa tegu wa tumboni. Wa ubongoni anatokana na mayai, na mayai yanatoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu: mikono, maji, mboga mbichi. Mla nyama anaweza kumwambukiza jirani asiyekula. Hata nguruwe anayapata kwa kula kinyesi cha binadamu.

Mzee wa Pangani
Basi si MRI tena, ni choo! Hizo fedha zichimbe vyoo, na nguruwe wafungiwe.

Mfugaji Songea
Mzee, wangu wako bandani, sakafu ya saruji. Mkianza maneno haya wateja wanakimbia na sisi tuna ada za watoto. Semeni wanaozurura, msituchanganye.

Jirani wa Mbarara
Nirudi kwenye swali. Mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Mbarara, Uganda, waliunganisha MRI ya sumaku hafifu pale pale chuoni, wakishirikiana na Leiden ya Uholanzi. Walilenga watoto wenye vichwa vikubwa. Mtoto yule hahitaji picha kali, unataka kuona maji yamejaa wapi na yamezidi kiasi gani, tena mara kwa mara. Ukimrudisha kwenye CT kila safari unamrundikia mionzi.

Mfugaji Songea
Sawa, ila mkaguzi wa nyama kijijini yuko wapi? Mimi nalipia muhuri, wengine wanachinja usiku.

Mkereketwa
Jamani, nimeuliza kiharusi! Mtu wa Mbarara kasema jambo zito, hakuna aliyemjibu.

Sema Kweli
Nitamjibu. Kwanza Binti Mbulu aseme kama majirani zao wana vyoo.

Binti Mbulu
Wengine wanavyo, wengine hawana, na hilo lisikupe ruhusa ya kusema wagonjwa wamejitakia. Sibishani nawe tena. Dokta, vile vitone tuliambiwa vimeshakauka. Anaweza kuacha dawa za kifafa?

Dokta Kijana
Asiache mwenyewe hata siku moja. Kitone kilichokauka kinaweza kuleta kifafa miaka mingi. Akirudi kliniki abebe ile filamu ya kwanza, walinganishe. Na jikoni mpandishe jiko, asipike chini karibu na moto.