Mrejesho: Hita ya maji ya jua nyumbani, Njombe

Ndugu zangu, mwezi wa tatu niliuliza kama inafaa kuiondoa hita ya umeme na kuweka ya jua hapa Njombe, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako asubuhi za Juni na Julai huwa na baridi kali. Nilifuata ushauri wenu, nikafunga hita ya lita 150 yenye mirija ya vioo, nami nawashukuru kwa dhati.

Aliyenihimiza nipige hesabu kwanza alinisaidia kuliko wote: kupasha lita 150 kutoka nyuzi 15 hadi 45 huhitaji uniti 5 na ushei za umeme, na hizo ndizo ninazookoa siku ya jua kali. Mirija tumeielekeza kaskazini, kwa kuwa tuko kusini mwa ikweta na jua la kipupwe hupita upande huo.

Tatizo lilikuwa moja. Fundi wa kwanza aliweka simtanki chini ya kimo cha tangi la hita, na kwa kuwa aina hii hujazwa na maji yanayoshuka yenyewe, bafuni hayakutoka maji mpaka mnara wa simtanki ulipoinuliwa. Tafadhali lisimamieni jambo hilo kabla hamjamlipa fundi. Siku za ukungu mzito bado nawasha umeme kwa saa moja jioni. Mama yangu, ambaye ni mzee, sasa anaoga maji ya moto alfajiri.