Maji angavu, oksijeni ipo, mbona perege wananifia?

MfugaPerege: Wakuu, nisaidieni. Nina tangi la lita 200, perege 9. Mwaka mzima nilitumia maji ya kisima, yale magumu yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika, na sikuona shida. Wiki iliyopita nikahamia maji ya mvua, nikijua ndiyo masafi zaidi, yanapita kwenye bomba jipya la shaba. Jumatatu alfajiri nikabadilisha nusu ya maji. Kufika jioni samaki wanahema juu juu, mwili umejaa ute, na chakula kinazama mbele ya pua zao hawageuki hata. Mpaka leo wamekufa 4. Nimepima oksijeni iko sawa, amonia hakuna. Nimemfunua mmoja, matamvua yamefunikwa na utando kama kamasi. Huu ni ugonjwa gani?

Jongoo77: Chemsha hayo maji mkuu, yakipoa ndiyo utie. Vijidudu vyote kwisha.

MzeeWaMatamvua: Usichemshe! Hiyo si vijidudu, ni sumu ya shaba ya bomba lako, na shaba haifi kwa moto. Maji yakipungua kwa mvuke, yenyewe inabaki na kuzidi kukolea.

Nimepima damu za samaki maabara miaka mingi, na hiyo picha yako naijua. Damu ya samaki wa maji baridi ina sodiamu, yaani ile ya kwenye chumvi, zaidi ya mara 100 kuliko maji anamoogelea. Kwa hiyo chumvi inamvuja kutwa kucha, na maji yanamwingia bila kualikwa. Ndiyo maana anakojoa sana, mkojo mwepesi. Anaishi kwa sababu matamvua yana vipampu vinavyoirudisha chumvi ndani chembe kwa chembe. Shaba iliyoyeyuka inagombania mlango uleule wa sodiamu, na ikishaingia inakwamisha pampu zenyewe. Chumvi ikipungua, maji yanaikimbia damu yanaingia kwenye seli, damu inakuwa nzito, moyo unahangaika kuisukuma. Juu ya hapo ule ute unazuia oksijeni kupenya, ndiyo maana kipimo chako kinasema ipo na samaki anakosa pumzi.

Kila metali ina njia yake, usidhani zote ni shaba. Zinki na kadimi hupitia mlango wa kalisi, yale madini ya chokaa. Alumini kwenye maji yenye asidi huganda juu ya matamvua.

MfugaPerege: Sasa mbona hawali?

MzeeWaMatamvua: Hawasikii harufu. Neva za pua ya samaki ziko wazi, zimegusana na maji moja kwa moja, na shaba ya mikrogramu chache tu kwa lita inazilemaza. Salmoni aina ya coho wakiwekwa kwenye maji ya hivyo, ukiwatilia harufu ya ngozi ya mwenzao aliyejeruhiwa hawashtuki, wakati kwa kawaida wangetulia tuli. Mwili mzima unaonekana mzima, kumbe adui akija hawajui.

Jongoo77: Nimekubali, mzee. Ila maji ya kisima nayo si yangepita bomba hilohilo?

MzeeWaMatamvua: Swali zuri. Kalisi ya maji magumu inawahi kukaa pale matamvuani ambapo shaba ingeshika, na kabonati inaifunga shaba nyingine isielee huru. Maji ya mvua hayana hata kimoja, tena kwa ule uchachu wake kidogo yanailamba shaba ya bomba. MfugaPerege, yale maji ya alfajiri yalilala bombani usiku kucha?

MfugaPerege: Yalilala. Ndiyo ya kwanza kutoka.

MzeeWaMatamvua: Basi ndiyo hayo. Rudi kisimani, badilisha robo kila siku, usiwashtue tena. Tia chumvi gramu 1 kwa lita ili uvujaji upungue. Wakivumilia, matamvua hutengeneza pampu nyingine.

MfugaPerege: Siku ya sita leo, wamebaki 5. Asubuhi mmoja ameifuata punje ikizama, akaikosa, akageuka akaifuata tena mpaka chini.