Wakunga wastaafu wanataka majina yao halisi kwenye tasnifu yangu, kamati inataka niyafiche. Nishaurini

Binti_Mtafiti: Wakuu, habari za humu. Niko mwaka wa pili uzamili wa sosholojia, naandika historia simulizi ya wauguzi na wakunga walioanza kazi miaka ya Uhuru. Kwenye nyaraka za Tanganyika daktari wa Kizungu ana jina na cheo, dresa, yaani msaidizi wa tiba Mwafrika (wengi walikuwa wanaume), naye anatajwa mara mojamoja, lakini mwanamke Mwafrika aliyekesha wodi ya wazazi nakutana naye kama tarakimu kwenye jedwali. Ndiyo maana nawafuata wenyewe majumbani.

Sasa kamati ya maadili imerudisha pendekezo langu: majina yote yawe bandia. Bibi zangu hawa hawataki kabisa. Mmoja aliniuliza afichwe kwa kosa gani. Nikimficha, naona narudia kilekile walichofanya wakoloni. Nifanyeje?

Mzee wa Nyaraka: Binti, usigombane na kamati, ielimishe. Wamezoea dodoso, ambako jina halina kazi. Kwenye historia simulizi msimulizi ndiye chanzo, na chanzo bila jina hakuna atakayeweza kukirejea kesho. Andika upya fomu ya ridhaa, mhusika achague mwenyewe: jina halisi au la bandia, sauti ihifadhiwe au ifutwe, picha itumike au isitumike. Ukishanakili mahojiano, mrudie, msomee, umuulize tena. Akibadili mawazo, umfuate yeye.

Mama Kulwa: Mimi ni muuguzi mstaafu, na hapa nawaunga mkono kamati kidogo. Mkunga anaweza kutoa jina lake, la mgonjwa si lake kulitoa. Mji mdogo, ukitaja mkunga fulani, zahanati fulani, mwaka fulani, na binti aliyejifungua mtoto wa nje, watu watamjua huyo binti kabla hujamaliza aya. Leo ni bibi mwenye wajukuu. Hayo ondoa yote, hata kama msimulizi amekuruhusu.

Binti_Mtafiti: Shikamoo mama. Hilo la wagonjwa sikuwa nimeliandika kwenye pendekezo kabisa. Naliongeza leo.

Mganda wa Kampala: Huku kwetu Katharine Cook, muuguzi mmisionari Mwingereza wa hospitali ya Mengo, anajulikana, na shule ya wakunga ya miaka ya 1920 inatajwa sana. Waganda waliosomea pale na kwenda kuzalisha vijijini, uliza majina yao uone kimya. Dkt. Josephine Nambooze, aliyehitimu udaktari Makerere mwaka 1959, tunamkumbuka kwa sababu aliandikwa. Kwenu mna daktari Profesa Esther Mwaikambo, na MEWATA, chama cha madaktari wanawake kilichoanzishwa 1987. Madaktari wameanza kuandikwa. Wakunga bado, kwa hiyo pigania majina yao.

Mzee wa Nyaraka: Nyongeza. Soma Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 kabla ya kuwajibu kamati, maana taarifa za afya zina ulinzi wa ziada. Halafu tenganisha mambo mawili kwenye barua yako: msimulizi anachagua, mgonjwa anafichwa daima. Na wale wenye umri mkubwa uwaulize mapema kanda ya sauti ya mahojiano ikabidhiwe nani wakishaondoka, mtoto au maktaba ya chuo, na jibu liwe kwa maandishi.