Gumzo la ukoo: nani anamjua meya?

*Shangazi Chuda:* Asalaam aleykum. Nani humu anamjua meya wetu wa Tanga? Nina barua ya mkopo, kikundi chetu cha sabuni ya mwani. Nataka imfikie mkononi.

*Dogo Dodoma:* Waaleykum salaam, shikamoo shangazi. Kaka Pongwe alipiga naye picha harusini 😂

*Kaka Pongwe:* Picha tu jamani, hata jina langu halijui

*Mjomba Ngamiani:* Shemeji, meya hatoi mikopo. Hata ukimpata atakuelekeza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako.

*Shangazi Chuda:* Si ndiye mkubwa wa jiji? Lile joho na mkufu ni vya bure?

*Mjomba Ngamiani:* Mkubwa wa baraza la madiwani. Mimi nimekaa masjala ya halmashauri mpaka nastaafu. Pesa iko kwa mkurugenzi wa jiji, ndiye afisa masuuli, yaani mwenye dhamana ya matumizi, kateuliwa na Rais. Meya hasaini hundi hata ya kununulia chaki.

*Dogo Dodoma:* Sasa tunampigia kura mtu wa kuvaa joho?

*Mjomba Ngamiani:* Wewe hujampigia meya kura hata siku moja. Ulimpigia diwani. Madiwani ndio wanachaguana wao kwa wao. Naibu meya ndiye huchaguliwa kila mwaka.

*Binamu Mombasa:* Huku kwetu meya waliisha 2013. Gavana tunamchagua wenyewe na utendaji ni wake. Ukiudhika wajua wa kumlaumu 😅

*Mjomba Ngamiani:* Huku analaumiwa meya kwa kila kitu. Barabara za mitaa ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, maji yana mamlaka yake, na bado bomba likipasuka usiku anapigiwa yeye.

*Dada Mikanjuni:* Basi hana kazi huyo

*Mjomba Ngamiani:* Anayo, tena nzito akiwa msomaji wa makabrasha. Bajeti haipiti bila baraza. Kamati ya Fedha na Uongozi mwenyekiti ni yeye. Humo ndimo mkurugenzi anaulizwa: mapato ya ndani mmekusanya kiasi gani, asilimia 10 yake ya mikopo ya vikundi imetengwa? Meya mvivu, chai inaletwa, taarifa inapita. Mkali niliwahi kumwona akirudisha taarifa nzima kwa sababu jumla ya ukurasa wa pili haikulingana na ya ukurasa wa tisa. Ukumbi kimya, mhasibu anatafuta miwani. Na wenzake wakimchoka wanamng'oa, Iringa walifanya hivyo 2020.

*Shangazi Chuda:* Hiyo asilimia 10 ndiyo yetu?

*Mjomba Ngamiani:* 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Haina riba. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Katiba ya kikundi mnayo? Akaunti ya benki?

*Shangazi Chuda:* Akaunti ipo. Katiba iko kwa mhazini, kaenda msibani Pangani.

*Mjomba Ngamiani:* Akirudi nendeni ofisi ya kata. Na diwani wenu mwambieni mapema, ndiye atakayeuliza barazani mkikwama. Meya anaongoza kikao, hawezi kujua kila kikundi cha Chuda.

*Dogo Dodoma:* Shangazi maombi nitakujazia mimi kwenye mfumo. Vitambulisho nitumie pembeni, si humu

*Shangazi Chuda:* Ahsante baba. Na afisa wa kata nimpelekee vipande viwili vya sabuni?

*Mjomba Ngamiani:* USITHUBUTU

*Kaka Pongwe:* Nipelekee mimi, ile ya karafuu 🙏